Uvimbe Usiouma: Historia ya Maradhi ya Ngozi katika Kitui na Makueni

Katika nchi kavu ya Ukambani, ambayo leo sehemu yake kubwa imo ndani ya kaunti za Kitui na Makueni, maradhi mengi makubwa yamejitokeza kwanza juu ya ngozi kabla ya kuonekana popote pengine mwilini, na kwa sababu hiyo swali la uvimbe upi uachwe upoe wenyewe na upi upelekwe kwa tabibu lina historia ndefu kuliko historia ya hospitali zenyewe. Uvimbe huo ni wa namna nyingi: kipele, yaani kichomozo kidogo kinachoweza kuwasha au kujaa maji, jipu, yaani uvimbe wenye joto na usaha ambao huiva na kupasuka, na kinundu, yaani uvimbe mgumu unaokaa ndani ya ngozi au chini yake bila kuiva. Kwa vizazi vingi kigezo kilichotumika kutenganisha uvimbe wa hatari na uvimbe wa kawaida kilikuwa maumivu, na ni jambo linaloeleweka, kwa kuwa mtu anayeumwa hulazimika kutafuta nafuu. Hata hivyo, historia ya wilaya hizi inaonyesha kwamba kigezo hicho ndicho kilichowaponza watu mara nyingi zaidi, kwa sababu maradhi kadhaa yaliyowaua au kuwalemaza wengi yalianza kwa uvimbe usiouma hata kidogo.

Kabla ya kuja kwa wamisionari na serikali ya kikoloni, utabibu ulikuwa na ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ilikuwa nyumbani, ambako wazee na akina mama walijua jipu liachwe siku ngapi, likamuliwe lini, na lipakwe nini baada ya kupasuka. Utomvu wa mshubiri, ambao Wakamba huuita kiluma, ulipakwa juu ya vidonda, na tunda la mwegea, unaojulikana kwa Kikamba kama mwatine, lilitumika katika dawa za aina nyingi. Ngazi ya pili ilikuwa ya mundu mue, ambaye kwa wingi huitwa andu awe, yaani mtaalamu aliyeunganisha uaguzi na ujuzi wa miti shamba, na ambaye aliendewa pale ugonjwa ulipokataa kufuata mwendo uliozoeleka. Mpangilio huo ulikuwa na busara yake ambayo haistahili kudharauliwa, kwa maana kipimo kilichoamua mgonjwa apande kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili kilikuwa ni muda: jipu lililokawia kuiva, au kidonda kilichokataa kufunga, kilihesabiwa kuwa jambo lisilo la kawaida, na hadi leo muda ni miongoni mwa vipimo vya kwanza ambavyo daktari wa ngozi huuliza. Upungufu wake ulikuwa kwamba kinundu kisichouma, kisichowasha na kisichotoa usaha hakikuwa na mwendo wowote uliozoeleka wa kulinganishwa nao, kwa hiyo kiliweza kukaa miezi bila mtu kukishughulikia.

Ugonjwa mmoja wa ngozi haukuacha nafasi ya shaka, nao ni ndui. Mwishoni mwa karne ya 19 Ukambani ilikumbwa na mfululizo wa mabalaa: tauni ya ng'ombe iliyoteketeza mifugo ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha ukame, kisha njaa kubwa ya miaka ya 1898 na 1899 ambayo Wakamba wanaikumbuka kwa jina la Yua ya Ngomanisye. Ndui iliandamana na njaa hiyo, na watu waliokwisha kudhoofika kwa kukosa chakula, waliokuwa wakihama makundi kwa makundi kutafuta nafaka, waliubeba ugonjwa kutoka kijiji hadi kijiji. Katika ndui homa kali hutangulia kwa siku mbili au tatu, kisha vipele hutokea vikiwa vingi zaidi usoni, mikononi na miguuni kuliko kifuani, hadi kwenye viganja na nyayo, na vyote katika sehemu moja ya mwili huwa katika hatua moja, yaani vyote ni vigumu, au vyote vimejaa usaha, au vyote vimekauka. Katika tetekuwanga, ambayo ni ugonjwa mwepesi zaidi, vipele hujazana kifuani na mgongoni na huja kwa mawimbi, hivi kwamba kipele kipya na kigaga kikavu huonekana bega kwa bega. Tofauti hiyo, ambayo mtu yeyote mwenye macho mazuri angeweza kufundishwa, ndiyo iliyotumiwa na watafuta-ndui wa Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1970, walipopita nyumba kwa nyumba katika Pembe ya Afrika na kaskazini mwa Kenya wakiwaonyesha watu picha za mtoto mwenye vipele. Mgonjwa wa mwisho duniani wa ndui iliyosambaa yenyewe aliugua huko Merca, Somalia, mwezi Oktoba mwaka 1977, na ilikuwa mjini Nairobi, tarehe 26 Oktoba 1979, ambapo kutokomezwa kwa ndui katika Pembe ya Afrika kulitangazwa.

Ndui ilileta pia uvimbe wa namna mpya, uliotengenezwa na tabibu mwenyewe kwa makusudi. Chanjo ilipokwaruzwa kwenye mkono, kipele kilitokea baada ya siku chache, kikajaa maji, kikakauka na kuacha kovu, na kipele hicho ndicho kilichomwambia mchanjaji kuwa kazi yake imefaulu, kwa kuwa mkono uliobaki laini ulikuwa mkono usiokuwa na kinga. Katika nchi yenye joto kama Kitui na nyika za Kibwezi, chanjo ya maji iliharibika upesi kabla ya kufika vijijini, na tatizo hilo lilitatuliwa tu katika miaka ya 1950, wakati chanjo iliyokaushwa kwa baridi ilipopatikana. Wazee wengi wa Ukambani bado wana kovu hilo begani, nalo ni ushahidi kwamba wazazi wao walikubali uvimbe mdogo ili waepushwe na mkubwa.

Wamisionari waliotangulia hawakudumu vya kutosha kubadili desturi za utabibu. Misheni ya Waskoti ilianzishwa Kibwezi mwaka 1891 chini ya uongozi wa Dakta James Stewart, lakini malaria iliwasumbua wakaaji wake hadi ikahamishiwa Kikuyu mwaka 1898. Walutheri wa Kijerumani walijenga kituo Ikutha, kusini mwa Kitui, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Na Peter Cameron Scott, aliyeanzisha Africa Inland Mission kwa kufungua kituo chake cha kwanza Nzaui mwaka 1895, alifariki mwezi Desemba mwaka uliofuata. Watu hao waligawa dawa kadiri walivyoweza, ila dawa walizokuwa nazo hazikuwa na nguvu ya kumshawishi mtu aache kiluma na mwatine.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa buba. Huu ni ugonjwa wa bakteria mwembamba aliyejipinda kama skurubu, wa jamii moja na yule wa kaswende, lakini hauenezwi kwa zinaa bali kwa ngozi ya mtoto kugusana na ngozi ya mtoto mwingine wakati wa kucheza au kulala pamoja. Huanza kwa kinundu kimoja, mara nyingi mguuni, ambacho hukua, huchubuka na kufanana na tunda lenye chembechembe, wala hakiumi. Kikipona baada ya wiki au miezi, vinundu vingine vingi hutawanyika mwilini. Na miaka mingi baadaye, kwa baadhi ya wagonjwa, ugonjwa huingia kwenye mifupa, ukaipinda miguu, ukafanya nyayo zipasuke hadi mtu ashindwe kukanyaga, au ukala pua. Baina ya kinundu cha mwanzo na ulemavu wa mwisho huwapo kipindi kirefu cha afya ya kudanganya, na mzazi aliyeona kinundu cha mtoto wake kimepona chenyewe alikuwa na kila sababu ya kuamini kuwa mambo yamekwisha.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya Kenya ilianzisha kampeni za kutibu buba katika maeneo yaliyotengwa kuwa ya Waafrika, na katika miaka ya 1920 maelfu kwa maelfu ya watu walipigwa sindano. Dawa bora ilikuwa ile ya arseniki iliyotangazwa na Paul Ehrlich mwaka 1910, lakini bei yake ilikuwa kubwa, kwa hiyo idara ya tiba ya koloni ilitegemea zaidi chumvi za bismathi, madini yaliyodungwa kwenye msuli na yaliyogharimu kidogo sana. Matokeo yalionekana kwa macho katika muda wa siku chache: vinundu vilinywea, vikakauka na kudondoka, na ngozi ikarudi safi. Hakuna hotuba ya mmisionari wala amri ya mkuu wa wilaya iliyoweza kufanya kazi hiyo ya ushawishi. Watu waliokuwa wakikwepa kila kitu cha serikali, tangu kodi hadi kazi ya kulazimishwa, walijileta wenyewe wakidai sindano, na imani katika sindano iliyozaliwa wakati huo ilidumu Afrika Mashariki nzima kwa vizazi vilivyofuata, mara nyingine kupita kiasi, kwa kuwa wapo waliokuja kuiona tembe kuwa si dawa kamili.

Ila ushindi huo ulikuwa na kasoro ndani yake, nayo inahusu moja kwa moja swali la makala haya. Bismathi ilifuta vinundu upesi, lakini ili kuwaua bakteria waliosalia ilihitajika mfululizo wa sindano, na wagonjwa walio wengi walipoona ngozi imekuwa safi hawakurudi kwa sindano ya pili wala ya tatu. Madaktari waliwalaumu kwa uzembe, lawama ambayo haikuwa ya haki, kwa sababu madaktari hao ndio waliowafundisha watu, kwa mfano wa kinundu kilichodondoka, kwamba kutoweka kwa uvimbe ndiko kupona. Mtu aliyetembea mchana kutwa hadi kwenye kituo cha sindano, akaacha shamba na mifugo, hakuwa na njia ya kujua kwamba ndani ya mwili wake ugonjwa unaendelea bila alama. Penisilini, ambayo iliponya buba kwa sindano moja tu, ndiyo iliyoziba pengo hilo. Kuanzia mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliitumia katika nchi 46, na kufikia mwaka 1964 idadi ya wagonjwa wa buba duniani ilikuwa imeshuka kutoka takriban milioni 50 hadi milioni 2.5.

Wakati buba inaanza kurudi nyuma, ugonjwa mwingine ulikuwa umeingia Kitui. Kalazaa ni maradhi ya vimelea vidogo sana, vilivyopewa jina la Leishmania donovani kutokana na madaktari wawili, Leishman na Donovan, waliovieleza mwaka 1903 kutokana na wagonjwa wa India. Vimelea hivyo huenezwa na mdudu anayeruka, mdogo kuliko mbu, wa jamii ya usubi. Vikishaingia mwilini hukaa katika wengu, ini na uboho wa mifupa, na kumletea mgonjwa homa isiyokwisha, kukonda, upungufu wa damu na tumbo lililojaa kwa sababu ya kuvimba wengu. Asipotibiwa, karibu kila mgonjwa hufa. Nchini Kenya ugonjwa huo ulitambuliwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili miongoni mwa askari wa King's African Rifles waliokuwa kaskazini, upande wa Ziwa Turkana na Uhabeshi, na kwa kuwa Wakamba walikuwa wengi sana katika jeshi hilo, maelezo yaliyokubaliwa na watafiti wengi ni kwamba askari waliorudi nyumbani waliubeba mwilini. Mwaka 1952 na 1953 ulilipuka Kitui kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana Kenya.

Mtaalamu wa vimelea R. B. Heisch, aliyechunguza mlipuko huo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1954, aligundua jambo ambalo halikutarajiwa: wagonjwa walijikusanya katika maboma yaliyokuwa karibu na vichuguu vya mchwa. Kichuguu cha Ukambani kina mashimo marefu ya hewa, na ndani ya mashimo hayo, hata wakati wa kiangazi kikali, hubaki unyevu na ubaridi unaowafaa wadudu wa usubi kujificha mchana. Jioni wadudu hutoka, na jioni ndiyo saa ambayo wanaume na vijana walikuwa na desturi ya kuketi juu ya vichuguu vilivyomomonyoka au kando yake, wakizungumza baada ya kazi. B. A. Southgate na mtafiti Mkenya B. V. E. Oriedo walieleza mwaka 1962 jinsi mazungumzo hayo ya jioni yalivyofungamana na ugonjwa, na mwaka huohuo Heisch, Wijers na Minter walimtaja mdudu aitwaye Phlebotomus martini kuwa ndiye anayeshukiwa zaidi. Lilikuwa jambo zito kwa jamii, kwa kuwa barazani penyewe, mahali pa ushauri na malezi ya vijana, palikuwa pamegeuka kuwa mlango wa mauti.

Katikati ya uchunguzi huo uvimbe mdogo wa ngozi ulipata umuhimu ambao haukuwahi kuwa nao. Mwaka 1955 P. E. C. Manson-Bahr, tabibu aliyewatibu wagonjwa wa kalazaa nchini Kenya, alieleza katika jarida la Nature kwamba mahali alipouma mdudu hutokea kinundu, na kwamba ndani ya kinundu hicho vimelea vilevile vya kalazaa vinaweza kuonekana kwa hadubini. Kinundu hicho hakiumi, ni kidogo kuliko majipu ambayo kila mtoto huyapata, na kinaweza kutokea miezi kadhaa kabla ya homa ya kwanza. Kwa lugha nyingine, mwili ulikuwa ukitoa taarifa mapema kabisa, wakati mgonjwa bado ana nguvu za kutembea na wengu wake bado haujavimba, lakini taarifa hiyo ilitolewa kwa njia ambayo desturi zote mbili, ya nyumbani na ya zahanati, zilikuwa zimezoea kuipuuza. Mgonjwa aliyefika hospitali ya Kitui akiwa amekonda na tumbo limejaa hakuwa na sababu ya kukumbuka kinundu cha mguuni kilichomtoka msimu uliopita wa kiangazi, wala mpokezi wake hakuwa na sababu ya kumuuliza.

Madaktari hao walitumia ngozi kwa njia nyingine pia. Kipimo kilichobuniwa na Montenegro huko Brazil mwaka 1926 hufanywa kwa kudunga ndani ya ngozi ya mkono vimelea vilivyouawa, kisha kusubiri siku mbili au tatu: mahali pakivimba na kuwa pagumu, ni dalili kwamba mwili umewahi kukutana na vimelea na umejijengea kinga, na pakibaki laini, mtu huyo ama hajakutana navyo ama ni mgonjwa ambaye mwili wake umeshindwa kupambana. Hapo uvimbe ulikuwa habari njema na kukosekana kwake kulikuwa onyo. Kwa kupima watu wengi, watafiti walitambua kuwa Kitui ilikuwa na idadi kubwa ya watu walioambukizwa bila kuugua kamwe, na labda kinundu kidogo cha mguuni kilikuwa ndiyo historia yote ya ugonjwa wao. Heisch alikuwa amevipata vimelea vinavyofanana na hivyo katika kindi wa ardhini na katika panya wa nyika, na Manson-Bahr, katika jaribio aliloripoti mwaka 1961, aliwadunga watu waliojitolea vimelea vya mnyama, vikaleta kinundu kilichopona chenyewe na kuacha kinga dhidi ya vimelea vya binadamu. Tumaini lilikuwa kwamba kinundu hicho kingekuwa kwa kalazaa kama kipele cha chanjo kilivyokuwa kwa ndui. Tumaini hilo halijatimia. Hadi sasa haipo chanjo ya kalazaa iliyoidhinishwa kwa binadamu. Ni haki kuongeza kwamba watu wa Kitui waliotoa mikono yao kwa majaribio hayo hawatajwi kwa majina katika taarifa zilizochapishwa, ingawa bila wao sayansi ya ugonjwa huu ingekuwa na pengo kubwa.

Uhusiano wa ngozi na kalazaa haukomi mgonjwa anapopona. Kwa baadhi ya watu, miezi kadhaa baada ya matibabu ya sindano za antimoni, vinundu na madoa hutokea usoni na kusambaa mabegani na mikononi bila homa wala maumivu. Hali hiyo ni ya kawaida zaidi nchini Sudan kuliko Kenya, lakini ipo, na hatari yake si kwa mgonjwa peke yake, kwani vinundu hivyo huhifadhi vimelea na mdudu anaweza kuvichukua kutoka hapo na kumpelekea jirani. Kalazaa iliendelea kurudi Ukambani kwa vipindi, ikiwemo milipuko katika eneo la Masinga la wilaya ya Machakos, ambayo hadi mwaka 1992 ilikuwa bado inaijumuisha Makueni, na watafiti wa Kenya wenyewe, kama M. J. Mutinga, waliendeleza kazi ya kuwafuatilia wadudu wake.

Ukoma unahitaji maneno machache tu hapa, kwa sababu umepungua sana, lakini una fundisho lilelile. Bakteria wake, waliogunduliwa na Armauer Hansen wa Norway mwaka 1873, huharibu mishipa ya fahamu, kwa hiyo doa au kinundu chake hakiumi kwa maana kamili ya neno: mtu anaweza kuchomwa sindano mahali hapo asihisi. Ganzi ndiyo dalili, na ndiyo pia iliyomfanya mgonjwa achelewe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa huo hutibiwa kwa mseto wa dawa za kumeza unaouponya kabisa, ila vidole vilivyokwisha kupotea havirudi.

Kimeta ni suala la wafugaji, na ukame huliamsha. Ng'ombe au mbuzi anapokufa ghafla wakati wa njaa, nyama yake ni vigumu kuitupa, na anayemchuna mnyama aliyekufa kwa kimeta huweza kuambukizwa kupitia mchubuko wa mkono. Baada ya siku chache hutokea kipele kinachowasha mithili ya kuumwa na mdudu, kisha hugeuka lengelenge, kisha kidonda chenye kigaga cheusi katikati na uvimbe mpana pembeni, na kidonda chenyewe hakiumi. Kwa dawa za kawaida za viuavijasumu mgonjwa hupona. Akichelewa, bakteria huingia kwenye damu. Hapa rangi nyeusi, kukosekana kwa maumivu na habari ya mzoga aliougusa mtu katika juma lililotangulia huamua jambo kwa uhakika kuliko ukubwa wa uvimbe.

Makueni ilikuwa na njia yake ya kuingiza maradhi. Reli ya Uganda ilipita nyika za Kibwezi na Makindu mwaka 1898, na barabara kuu ya Mombasa hadi Nairobi ikafuata mkondo huohuo kupitia Mtito Andei, Makindu, Emali, Sultan Hamud na Salama, vituo ambavyo madereva wa malori hulala. UKIMWI ulipotambuliwa Kenya mwaka 1984, miji hiyo midogo ilikuwa miongoni mwa mahali ugonjwa ulipopata njia rahisi, na kwa mara nyingine ngozi ilisema kwanza: mkanda wa jeshi, yaani vipele vya maji vinavyojipanga upande mmoja wa mwili, kwa kijana ambaye kwa umri wake hakustahili kuupata, vipele vya kuwasha visivyokwisha mikononi na miguuni, na vinundu vya zambarau au vyeusi vya saratani iliyoelezwa na Moritz Kaposi mjini Vienna mwaka 1872, ambavyo navyo mwanzoni haviumi. Mkanda wa jeshi, ambao unauma mno, uliwapeleka watu hospitali. Vinundu vya Kaposi viliachwa, au vilifichwa chini ya nguo kwa aibu, kwa kuwa katika miaka ambayo dawa za kupunguza makali ya UKIMWI hazikupatikana, kuonekana navyo kulikuwa sawa na kutangaziwa hukumu. Dawa hizo zilipoanza kutolewa bure katika vituo vya umma katikati ya miaka ya 2000, faida ya kwenda mapema ilionekana kwa macho, kama ilivyoonekana kwa buba miaka 80 nyuma, na watu walianza kwenda.

Bei na umbali vimeamua mambo mengi kuliko elimu. Mabaraza ya Wenyeji yaliyoundwa katikati ya miaka ya 1920 yalianza kugharimia zahanati kutokana na ushuru wa watu wenyewe. Matibabu ya wagonjwa wasiolazwa yalifanywa bure mwaka 1965. Kisha mwishoni mwa mwaka 1989 ada zikarudishwa kwa jina la kuchangia gharama. Ada ndogo humwumiza zaidi mwenye uvimbe usiouma, kwa maana mwenye maumivu atauza kuku alipe, lakini asiyeumwa atasema asubiri mavuno. Ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma zilifutwa mwaka 2013. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha mwaka 2016 mpango wa MakueniCare ambao kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, na Kitui ikafuata mwaka 2018, chini ya Gavana Charity Ngilu, kwa mpango wa shilingi 1,000. Mwezi Oktoba mwaka 2024 bima ya kitaifa ya Mamlaka ya Afya ya Jamii ilianza kazi nchini kote.

Umbali ni mgumu zaidi kuuondoa kwa sheria. Kitui ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000 na watu 1,136,187 kwa hesabu ya mwaka 2019, na mtu wa Tseikuru au Mutha anayetaka kuonwa na mtaalamu wa ngozi ana safari ya siku nzima au zaidi. Kwa hiyo ujuzi wenyewe umelazimika kuwafuata watu. Tangu mwaka 1992 kituo cha kanda kilichoko Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafundisha maafisa wa tiba kutoka nchi za Afrika Mashariki na kwingineko kuyatambua maradhi ya ngozi bila vifaa vya hospitali kubwa; mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka ukoma, buba, vinundu vya kalazaa na maradhi mengine ya ngozi yaliyosahaulika yatafutwe kwa pamoja katika ukaguzi mmoja wa mwili; na mwezi Septemba mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwapa vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 ili wazitembelee nyumba. Maswali ambayo mhudumu kama huyo anahitaji kuuliza si mengi, nayo yote yametokana na mambo yaliyoipata nchi hii: uvimbe una wiki ngapi, na umepita mwezi bila kupungua, unakua, unabadilika rangi, au unatoa damu bila kuguswa, mahali hapo panahisi sindano au pamekufa ganzi, kumekuwa na homa ndefu, kukonda, au uzito upande wa kushoto wa tumbo, mtu huyo amechuna mzoga, au hukaa jioni karibu na kichuguu, aliwahi kutibiwa kalazaa. Mwenye ualbino huulizwa kuhusu kila kidonda cha uso na masikio kisichofunga, kwa sababu jua la Ukambani huleta saratani kwa ngozi yake mapema, na mwenye ngozi nyeusi hutazamwa nyayo na chini ya kucha, ambako ndiko doa jeusi la saratani hupenda kuanzia kwa Waafrika. Uvimbe mwekundu wenye joto unaotambaa kwa saa chache, ukiwa pamoja na homa, hausubiri swali lolote; mwenye nao hupelekwa hospitali siku ileile.